Aya ya Puani

Walikutana stendi ya Mikumi, basi la Iringa likimwaga abiria. Gunia la Alfred lilipasuka, kitunguu kimoja kikabingiria hadi chini ya gauni la kitenge la Bibiana, fundi cherehani.

"Samahani, dada. Kitunguu kimekupenda kabla yangu."

"Basi kimepata mke. Wewe tafuta wako."

Miezi mitano baadaye, tangazo la ndoa yao lilisubiri kusomwa kanisani Jumapili.

Lakini Bibiana alizaliwa na shaka kama wengine wanavyozaliwa na mwanya. Kila ibada ikiisha, Alfred hupotelea nyuma ya kanisa, akarudi machozi yanamlenga, amejipulizia manukato ya kukimbiza nyuki. Jumatano, Alfred alipokwenda kunawa, Bibiana akaichukua simu yake. Dhamira ikamsuta, akaituliza kwa Neno: tumeambiwa tupime kila jambo. Akapima. Meseji ilitoka kwa Namelok wa Kilosa: "Mzigo wako tayari. Njoo peke yako, mchumba asijue."

Alhamisi asubuhi alikuwa Kilosa sokoni, ndani ya gauni jekundu la vita.

"Namelok ni nani hapa?"

Bibi wa Kimaasai, shanga hadi mabegani, aliinua kichwa juu ya vikopo vya ugoro. "Mimi. Wataka mkali au wa kawaida?"

Matusi yote aliyoyapanga njiani yakamkauka. "Shikamoo, bibi. Unamjua Alfred?"

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe mchumba! Alfredi ana pua hodari."

Bibiana akampigia Alfred simu papo hapo.

"Alfred, niko kwa Namelok."

"Mpenzi, Yesu alisema kinachoingia kinywani hakimchafui mtu."

"Kinywani! Pua kaitaja wapi? Na juzi ulimkemea Nickson mbele ya kwaya nzima kwa sigara moja!"

"Sigara ina moshi..." Akayasikia maneno yake mwenyewe, akaguna. "Upuuzi. Miaka minane naitafutia pua yangu aya. Lakini wewe, jina la Namelok umelitoa wapi?"

"Tumeambiwa tupime kila jambo."

"Jambo, ndiyo. Meseji zangu zimetajwa wapi?"

Ilimchoma. Samweli, mchumba wake wa kwanza, alimwacha kwa upekuzi huohuo, na mwanamke aliyemshuku naye hakuwapo kamwe.

"Na tangazo, Alfred?"

"Lisomwe. Mimi naacha kikopo. Wewe?"

"Naacha kukupekua."

"Bila aya?"

"Bila aya, mpenzi."

Jumapili mchungaji akasoma majina yao; vigelegele vikapasua kanisa. Alfred alikuwa amependeza ndani ya koti la kijivu aliloshona Bibiana mwenyewe, koti ambalo kila mfuko wake anaujua. Akapiga chafya. Akapiga ya pili.

"Vumbi," alinong'ona.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Vumbi la wapi? Mkono wa Bibiana ukawasha, ukaanza safari ya kuelekea mfukoni.

"Pole, mpenzi," akasema. Akaurudisha mkono, akaukalia.