Okidi Thelathini na Tisa

Maiti zilikuwa thelathini na tisa, na Sajenti alishindwa kuzuia kicheko.

"Afande, kweli tumeitwa kuchunguza maua?"

"Hesabu tena," alisema Inspekta. "Ukimaliza kucheka, piga picha."

Hapakuwa na la kuchekesha. Chini ya mwamba, ndani kabisa ya msitu wa hifadhi, okidi nyeupe zilikuwa zimefyekwa kwa panga, kisha zikakanyagwa hadi zikawa uji. Zilikwishaanza kunuka. Inspekta aliwahi kuona watu waliokatwakatwa, na siku hizo alikula chakula chake cha mchana kama kawaida. Leo hakukifungua. Aliyefanya haya hakuwa na hasira wala haraka, alifanya kazi.

Mtuhumiwa alikuwa tayari mahabusu. Ni mlinzi wa msitu, yule yule aliyezigundua okidi hizo mwezi uliopita, wakati ulimwengu mzima ukiamini zimekwisha. Polisi wa kituo kidogo walimkamata kwa sababu yeye ndiye aliyepajua mahali, na nyumbani kwake walikuta panga na pakiti iliyofunguliwa ya dawa ya ukungu, ule unga wa buluu wa kuzuia magonjwa ya nyanya. Udongo wa chini ya mwamba nao ulikuwa na madoa ya buluu. Kwa mkuu wa kituo, kesi ilikuwa imekwisha, na kosa la kuharibu mmea adimu lina kifungo cha miaka saba.

Inspekta alichutama, akaanza kuchimbua kwa kijiko. Madoa hayakuwa kwenye mashina ya maua. Yalikuwa mahali patupu, pasipoota chochote. Alitoa futi kamba yake. Kutoka doa moja hadi jingine, mita moja. Hadi la tatu, mita moja. La nne vilevile. Mistari minane, imenyooka utadhani imepigwa rula.

"Sajenti, ukitia dawa nyanya zako, unapima?"

"Nakadiria tu, afande. Nani ana muda huo?"

Mahabusu, mlinzi alikuwa mtu mzima mwenye sare iliyofifia. Walikwishamvua mkanda na kumnyang'anya kamba za viatu. Alimgeukia Inspekta, mwanamke pekee chumbani.

"Zimebaki ngapi, mama?"

"Hakuna."

Akafunika uso kwa viganja. Inspekta alivuta kiti, akaketi.

"Nani mwingine alipajua pale?"

"Profesa peke yake. Yeye ndiye aliyeandika kwamba zimetoweka, nikaona apate habari njema kabla ya mtu yeyote. Nilimpeleka mwenyewe wiki iliyopita. Nikambebea na begi."

"Akasemaje?"

"Alipiga magoti, akalia. Nilidhani ni furaha."

Katika maabara ya kituo cha utafiti, mtaalamu wa kuvu, mwanamke mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliinua uso kutoka kwenye hadubini.

"Dawa imetiwa mahali pasipo na ua hata moja," alisema Inspekta. "Kwa nini mtu ajisumbue?"

Mtaalamu alisonya. "Mbegu ya okidi ni kama vumbi. Haina akiba yoyote ya chakula. Haioti mpaka kuvu ya udongoni, yaani ukungu huo huo, iilishe. Kwa panga aliua zilizokuwepo. Kwa dawa hii aliua zote ambazo zingekuja."

"Mlinzi angejua hayo?"

"Wanafunzi wangu wenyewe hawayajui mpaka mwaka wa tatu."

"Hapa nani anayajua?"

"Mimi na Profesa."

"Wiki hii ulikuwa wapi?"

"Wodini, namuuguza mama. Nimetoka leo asubuhi. Waulize wauguzi."

Wauguzi waliulizwa. Ilikuwa kweli.

Profesa aliisoma hati ya upekuzi kwa miwani iliyoshuka puani, kama anayesahihisha mtihani. Ukuta wake ulijaa nishani. Kwenye begi lake la kazi za nje, Inspekta alikuta vigingi na kamba ndefu yenye fundo kila mita. Mafundo yalikuwa na unga wa buluu. Kesho yake mkemia alileta jibu: dawa ile ile ya udongoni, pamoja na chembe za udongo wenyewe.

Katika chumba cha mahojiano, Profesa aliketi wima.

"Hiyo ni kamba ya utafiti. Naitumia kila mara."

"Dawa ya ukungu nayo ni utafiti?"

Profesa alitazama saa yake.

"Umekata kama mhuni ili tumkamate mhuni," alisema Inspekta. "Lakini ilipofika kwenye dawa, ukatandika kamba na kupima."

"Isipopimwa haienei sawasawa," alijibu Profesa, kisha akajishtukia.

Sajenti alivuta karatasi ya maelezo ya mtuhumiwa, akaanza kuandika.

"Miaka kumi na moja nimesimama majukwaani nikizililia," Profesa alisema. "Nimepewa heshima kwa kitabu kinachosema zimetoweka. Halafu mlinzi, mtu wa darasa la saba, ananionyesha thelathini na tisa, zimechanua! Ningechekwa na dunia nzima."

"Na ukaona yeye afungwe miaka saba."

"Sikumpangia hilo. Lakini sikulizuia." Alivua miwani, akaifuta taratibu kwa tai. "Hata hivyo, Inspekta, nilichoandika sasa ni kweli."

Inspekta alisukuma kiti, akatoka nje kutafuta hewa. Wezi aliwafahamu, na wauaji pia. Huyu alizipenda zile okidi maadamu zimekufa.

Mlinzi alitolewa mahabusu alasiri hiyo. Alikuwa ameinama kwenye kaunta akirudishia kamba za viatu Inspekta alipomweleza yote, bila kumficha kitu. Alisikiliza hadi mwisho mkono umesimama kwenye tundu la kiatu.

"Angeniambia tu ninyamaze, mama," alisema. "Ningenyamaza."