Mlango wa Buluu na Gunia la Maganda

Saa nne asubuhi soko lilikuwa limefurika, watu wanakanyagana bila kuombana radhi, na kijana mmoja kasimama katikati na gunia tupu begani, koti lake jeupe limekosa kifungo cha tumboni.

"Dada, naomba maganda."

Muuza juisi, gauni la njano, mikono inanukia machungwa mpaka viwikoni, akampima juu mpaka chini.

"Na machungwa yenyewe?"

"Baki nayo."

Shangazi mtu, aliyekuwa akikamua nyuma ya meza, alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Wanaume aliowajua yeye walikula nyama ya tunda, maganda wakakuachia ufagie.

Kumbe kijana ni fundi wa maabara ya maji. Maganda huyakausha, huyasaga, kisha huyapitishia maji ya kisima kilicho jirani na mafundi betri. Maji yale yana risasi, madini yanayodumaza akili za watoto. Ganda huishika risasi, maji yakapita zake.

"Yaani linanasa kama sumaku?"

"Kama wewe."

Tangu hapo akawa anakuja kila asubuhi, hata siku ambazo gunia la jana halijaguswa. Soko zima likamwita Bwana Maganda.

Wiki ya tatu alikuja hatulii. Anakaa, anasimama, juisi kaishika mpaka imepata moto.

"Una nini, laazizi?"

"Ijumaa mkuu anakuja kuona kipimo cha mwisho. Kikikataa kazi inafungwa, na mimi napelekwa kituo cha mbali, siku mbili ndani ya basi. Halafu tanuri la kukaushia nalo limekufa."

"Ndilo linalokukondesha? Niachie mimi."

Jumatatu akamkabidhi gunia la maganda makavu, yanalia kama karatasi. Bwana Maganda alifurahi hata asiulize yamekaushiwa wapi. Msomi mzima, lakini mbele ya gauni la njano alikuwa amesahau hata jina la mkuu wake.

Jumatano simu ikalia.

"Umeyafanya nini maganda yangu?"

"Hata salamu hamna?"

"Maji yametoka na risasi nyingi kuliko yalivyoingia! Umeyachanganya na nini?"

"Nimeyachanganya na ujinga wangu wa kukupenda! Nenda huko kwenye kituo chako!"

Akazima simu. Akaiwasha aone kama amepigiwa. Akaizima tena. Na yule naye alikuwa akipiga kila inapozimwa, akikata tamaa kila inapowashwa.

Muuza juisi usingizi hakuupata. Alhamisi jua lilipotoka tu, akapanda juu ya paa la kibanda akatupe maganda yaliyobaki. Alikuwa ameyaanika pale juu, kwenye mlango wa zamani, mlango wa buluu uliookotwa kwenye nyumba iliyobomolewa. Akainua ganda la kwanza, akaduwaa. Chini yake rangi ilikuwa imelika, pamebaki duara la mbao tupu. Akainua la pili: duara. Mlango mzima ulikuwa umejaa maduara.

"Shangazi! Rangi za zamani zilikuwa na nini?"

"Risasi, si ndiyo maana mjomba wako, fundi wa kupaka rangi, alikuwa hali mpaka aoge! Kwani vipi?"

Aliuteremsha mlango, akajitwika kichwani, huyo akaingia barabarani.

"Dada, unahama?" wakamuuliza wapita njia.

"Nahamia kwa mtu!"

Mlinzi wa maabara akamzuia getini. "Mlango unaupeleka wapi?"

"Kwa aliyeniharibia usingizi. Mwite."

Bwana Maganda akatoka mbio, macho mekundu. Akayatazama yale maduara, akakwangua rangi kidogo, akaenda kuipima. Aliporudi alikaa chini pale pale kwenye ngazi.

"Maganda hayakushindwa kazi. Yaliilamba rangi juani, yakanifikia yameshashiba risasi, yakaitapika ndani ya maji yangu."

"Na mimi?"

"Wewe nisamehe. Nilitakiwa kuuliza, nikapayuka."

"Utapiga magoti baadaye. Sasa hivi jua linatukimbia!"

Siku hiyo walimenya wote watatu, wakakatakata maganda membamba kama nyuzi, wakayaanika juu ya shuka jeupe la shangazi, lile la wageni. Shangazi alinuna, lakini ndiye aliyekuwa akiyageuza.

Ijumaa muuza juisi aliuzunguka ua wa maabara mpaka ukanda wa kiatu ukakatika. Akazunguka na kimoja. Mlinzi alimpa kiti, akakikalia dakika moja, akakirudisha.

Mlango ukafunguliwa. Bwana Maganda alisimama na karatasi mkononi.

"Sema basi, mbona unaniua!"

"Risasi haionekani hata kwa mashine. Mkuu ametuongezea mwaka. Siendi popote."

Muuza juisi alishusha pumzi ndefu, kisha akakunja uso, maana furaha yote huwezi kumwonyesha mwanamume kwa mara moja.

"Mlango wangu uko wapi?"

"Nimeufungia stoo, una sumu ule."

"Basi nataka mwingine."

"Mlango mtupu utaufanyia nini, mpenzi? Acha niutafutie na nyumba yake, uingie kwa mlango huo ukiwa mke wangu."

Akainama, anakitazama kile kiatu kimoja kama ndiyo kwanza anakiona.

"Sawa," akasema. "Lakini rangi nachagua mimi."