Mlango Uliopungua Uzito

Kila asubuhi mawifi wawili walikwenda kazini pamoja. Mmoja alikuwa karani wa mapokezi katika chumba cha eksirei cha hospitali. Mwingine alikuwa afisa usalama wa mionzi wa hospitali hiyohiyo. Karani alikuwa ameolewa na kaka yake afisa, fundi seremala. Sasa alikuwa na mimba ya miezi sita, mimba yake ya kwanza. Alitembea polepole, na wifi yake alimbebea mkoba bila kuombwa.

"Umekosa mambo wiki nzima ulipokuwa mafunzoni," karani alisema. "Kaka yako ameutengeneza mlango wetu."

"Ule uliokuwa unakwaruza sakafu?"

"Ndiyo huo. Sasa unafunguka kwa kidole kimoja. Utaona mwenyewe."

Afisa alicheka. Kaka yake aliipenda kazi yake, na alipenda zaidi kusifiwa. Mtaani walimwita Fundi Najua. Ukimwuliza kuhusu mbao, anajua. Ukimwuliza kuhusu saa mbovu, anajua. Hata ukimwuliza mvua itanyesha lini, atatazama juu na kukujibu. Neno "sijui" halikuwahi kumtoka mdomoni.

Dada yake alikuwa kinyume chake. Kazi yake ilikuwa kupima kwanza, ndipo aseme. Alitembea na kipimo kidogo cha mionzi, kama redio ya mkononi. Alikagua mashine, milango, na beji ambazo wafanyakazi wa eksirei huvaa kifuani ili kujua wamepata mionzi kiasi gani. Kaka yake alimtania kwa kumwita askari wa miale. "Unamkamata mtu asiyeonekana," alikuwa akimwambia, "na mshahara unapokea!"

Walipofika hospitali, karani aliusukuma mlango wa chumba cha eksirei kwa kidole. Mlango ukafunguka kimya kimya.

"Si nilikwambia?" alisema kwa fahari.

Mpiga picha za eksirei naye alikuwa akitabasamu. "Bega langu limepona," alisema. "Mlango ule ulikuwa unaniua."

Afisa peke yake hakutabasamu. Aliusukuma mlango, akaurudisha, akausukuma tena. Kisha akaugonga kwa kifundo cha kidole. Juu ulitoa sauti nzito: du, du. Aliinama akaugonga chini. Chini ulilia ko, ko, kama sanduku tupu.

"Leo hatupigi picha humu mpaka nipime," alisema.

"Dada, kuna watu ishirini kwenye foleni!" mpiga picha alilalamika.

"Wapelekwe chumba cha pili, kule ng'ambo ya uwanja. Samahani, lakini humu hapana."

Watu walinung'unika, wakainuka. Afisa akaomba ndoo kubwa ya maji. Akaiweka juu ya kitanda cha eksirei, mahali anapolala mgonjwa.

"Ndoo inaumwa nini?" karani aliuliza.

"Mwili wa mtu una maji mengi," afisa alijibu. "Miale ikigonga mwili, mingine hutawanyika huku na huku chumbani. Maji nayo huitawanya hivyohivyo. Nataka kujua kama kuna inayotoka nje."

"Basi niandike jina gani kwenye daftari? Bibi Ndoo?"

Walicheka wote. Afisa akatoka nje ya chumba. Kiti cha karani kilikuwa hapo, kimegusana kabisa na mlango. Aliweka kipimo juu ya kiti, akamwambia wifi yake asogee mbali, naye mwenyewe akasogea. Mpiga picha akafunga mlango, akasimama nyuma ya ukuta wake wa kinga, akabonyeza kitufe.

Afisa akarudi kukisoma kipimo. Namba ilikuwa imepanda. Akarudia mara mbili zaidi. Namba ikawa ileile.

Karani alimtazama usoni. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mkono wake ulikuwa tumboni.

"Wifi," alisema kwa sauti ndogo. "Hicho ni kiti changu."

"Najua. Hutakikalia tena mpaka mlango upone. Nipe daftari la wagonjwa, na usiogope kabla sijamaliza hesabu."

Lakini afisa mwenyewe aliogopa. Alimpenda wifi yake, na mtoto yule alimsubiri kama wake. Tena kulikuwa na jambo jingine. Ilibidi aandike ripoti kwa mganga mkuu, na ripoti ilihitaji jina la fundi. Hospitali hii ndiyo iliyompa kaka yake kazi nyingi. Alikaa na kalamu mkononi muda mrefu. Mwishoni aliandika yote, jina likiwemo. Kisha akaenda kwenye karakana ya kaka yake.

Alimkuta akipiga randa.

"Askari wa miale!" fundi alimpokea. "Umekuja kunishukuru kwa ajili ya mlango?"

"Kaka, kwenye ule mlango wewe ulitoa nini?"

"Aa, ule! Ubao wa chini ulikuwa umeoza kwa maji ya kupigia deki. Nikautoa. Ndani nikakuta bati la kijivu, zito hilo, halina kazi yoyote. Nikajua ndilo lililolemea bawaba. Nikalitoa, nikaweka ubao mpya. Mlango ukapumua."

"Liko wapi?"

Fundi alionyesha uani. Bati lilikuwa juu ya banda la kuku, limekandamiza mfuniko usipeperushwe na upepo. Kuku wawili walikuwa wamelilalia.

"Kaka, lile ni bati la risasi, ile metali nzito. Ndilo linalozuia miale isipite mlangoni. Mlango ulikuwa mzito kwa sababu uzito ndio kazi yake."

Fundi aliweka randa chini. "Kwani nani aliniambia? Na sasa utafanya nini, utanishtaki?"

"Nimeshaandika ripoti."

"Jina langu umeliandika?"

"Nimeliandika."

"Mimi kaka yako!" Alikasirika kweli, mishipa ikamtoka shingoni. "Kwa bati la kuku!"

Afisa hakupandisha sauti. "Kaka, nje ya mlango ule, kiti kilichogusana nao ni cha nani?"

Fundi alifungua mdomo kujibu, maana yeye alijua kila kitu. Na hili alilijua pia. Akakaa taratibu juu ya rundo la mbao, akajishika kichwa.

"Mke wangu," alisema. "Mungu wangu. Mtoto wangu."

Machozi yalimtoka mbele ya dada yake, na hakuyaficha.

Jioni walikaa watatu sebuleni. Afisa alikuwa amehesabu picha zote zilizopigwa tangu mlango ulipotengenezwa. Alichukua namba aliyoipima kitini, akaizidisha kwa idadi ya picha. Alifanya hesabu mbele yao, kisha akampa kaka yake simu aifanye mwenyewe. Fundi aliifanya mara tatu.

"Sikilizeni," afisa alisema. "Kuna kiwango cha mionzi ambacho mtu wa kawaida hatakiwi kukipita kwa mwaka. Kiwango hicho ndicho kinachomlinda mtoto wa tumboni pia. Wifi amepata kama sehemu moja ya kumi ya kiwango hicho. Ni kidogo. Hatutarajii kiasi hicho kimdhuru mtoto. Daktari wa wajawazito ameiona hesabu hii, naye amesema hivyohivyo."

Karani alishusha pumzi ndefu. Fundi aliendelea kukodoa macho kwenye simu.

"Sasa, nguo zake?" aliuliza. "Tuzichome? Na lile bati, limejaa miale?"

"Hapana. Miale ya eksirei ni kama mwanga wa taa. Ukizima taa, mwanga haubaki ukutani wala kwenye nguo. Mashine ikizimwa, miale imekwisha. Lakini risasi yenyewe ina sumu yake ukiimeza. Vumbi lake likiingia kwenye chakula au mdomoni mwa mtoto, linamdhuru. Umenawa mikono kwa sabuni?"

Fundi aliitazama mikono yake, akainuka. Walimsikia akinawa kwa muda mrefu sana.

"Fundi, acha ngozi kidogo!" mkewe alimwita, na kwa mara ya kwanza siku ile wakacheka.

Kesho yake mganga mkuu aliwaita ofisini. "Fundi huyu asikanyage tena hapa," alisema.

"Kosa ni letu pia, daktari," afisa alisema. "Mlango haukuwa na maandishi yoyote. Aliyemwita fundi hakuuliza. Mimi mwenyewe nilikwenda mafunzoni bila kumwachia mtu kazi yangu. Tukimfukuza, atakuja fundi mwingine asiyejua. Huyu sasa anajua."

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. "Sikujua, daktari," alisema. Dada yake aligeuka kumtazama.

Mganga mkuu alifikiri, kisha akakubali.

Bati jipya la risasi lilinunuliwa, nene kama lile lililobaki sehemu ya juu ya mlango. Fundi alivaa glavu na barakoa. Aliliweka ndani ya mlango hadi chini kabisa, likapandana kidogo na lile la juu ili pasibaki mwanya. Kila hatua aliuliza, "Hapa sawa?" Badala ya kuupunguza mlango, alifunga bawaba kubwa zenye nguvu. Bati lililokuwa kwenye banda la kuku walilifunga vizuri, likahifadhiwa stoo ya hospitali. Ndoo ikarudishwa kitandani, picha ikapigwa. Kipimo kilichokuwa nje hakikupanda hata kidogo. Hata hivyo afisa alikihamisha kiti cha karani hadi upande wa pili wa ukumbi.

"Kinga ipo," alisema, "lakini umbali nao ni kinga, na haununuliwi."

Ndipo fundi akachukua rangi na brashi. Akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: MLANGO HUU UNA BATI LA RISASI NDANI. USIUGUSE KABLA YA KUMWULIZA AFISA WA MIONZI.

Mpiga picha aliusukuma mlango kwa bega. "Haya, bega langu," alisema, "turudi kazini."

Miezi mitatu ikapita. Karani alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kubwa. Shangazi yake alimbeba hospitalini mpaka akanyang'anywa. Fundi alitengeneza kitanda kidogo cha mtoto, akakiwekea miguu mifupi ili kisiyumbe, na kila mgeni aliyefika alionyeshwa miguu hiyo.

Siku moja afisa alikuwa ofisini akikagua beji za wafanyakazi. Simu ikalia. Alikuwa kaka yake.

"Niko kwenye zahanati moja, mbali kidogo," fundi alisema. "Wameniita nirekebishe mlango wa chumba chao cha meno. Wana mashine ya picha humo. Wanasema mlango ni mzito, niupunguze."

"Umeufanyia nini?" afisa aliuliza, akiziweka beji chini.

"Nimeugonga juu, nimeugonga chini. Unalia du, du." Safari hii fundi hakumwita askari wa miale. "Afisa, sijui ndani yake kuna nini. Nimekaa hapa nje, sijaugusa. Nakusubiri wewe."