Nobert Alivyoificha Blogu ya Mkewe

Sikilizeni, watu wa Kasese na wa Bwera, hasa ninyi mnaodhani wivu ni ugonjwa wa majirani.

Mwaka 2015, katika nyumba ya kupanga upande wa Bulembia, waliishi Nobert na mkewe Ketura. Jumapili baada ya ibada waliweka kompyuta yao mezani kando ya sahani ya karanga, wakaandika kwa zamu. Nobert alifanya kazi katika kafe ya intaneti mjini, lakini mwenyewe alijihesabu mshairi, na blogu yake ilijaa mashairi ya kujivunia. Ketura alizaliwa Mahango kwa wakulima wa kahawa. Blogu yake ilieleza namna ya kupogoa, ya kuanika, na hasa ya kumkabili mdudu anayetoboa matawi mpaka yanakauka. Aliandika kwa Kiswahili ili wakulima wa ng'ambo ya mpaka wa Uganda, kule Kongo, nao wamwelewe.

Blogu zote mbili alizitengeneza Nobert. Ndiye aliyeziandikisha Google, ili mtu akitafuta jambo kwenye simu yake, zitokee. Siku ukurasa wa Ketura ulipotokea mara ya kwanza, mwanamke alicheka mpaka akajifunika uso kwa kitenge, na Nobert akafurahi kuliko yeye. Msisahau hilo. Mtu huyu alimpenda mkewe.

Siku moja akaingia pale kafe Mahmood, msafirishaji ambaye lori lake lilibeba kahawa kutoka Bwera. Alikuja kuchapisha karatasi zake.

"Nobert, bibi yako iko wa kwanza Google," akasema. "Mimi naandika mdudu wa kahawa, yeye anatoka juu kabisa. Mpaka Kasindi watu banamusoma."

"Na mimi je?" Nobert akauliza, akijifanya anatania.

Mahmood akatoa simu, akaandika, akatelezesha kidole chini, na chini tena. "Iko Nobert mwingine hapa. Anauza matairi."

Kafe nzima ikacheka. Tangu siku hiyo wateja wakamwita "bwana ya Ketura". Wengine walimwagiza amsalimie "mwalimu", yaani mkewe.

Wivu ukamwingia. Shairi alilolihangaikia wiki tatu lilisomwa na watu wanne, na wawili kati yao walikuwa yeye mwenyewe. Mkewe aliandika juu ya matawi makavu kwa nusu saa, akapata shukrani kutoka kwa wanaume asiowajua, mmoja akimwita "mwalimu wangu wa pekee". Nobert aliyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko Ketura mwenyewe. Akaanza kukosoa sentensi zake, kisha chai yake, kisha hata namna alivyocheka kwenye simu.

Jumanne moja adhuhuri, Ketura akiwa sokoni na nyanya zake, Nobert akafungua mipangilio ya blogu ya mkewe. Kule kuna kisanduku kidogo kimeandikwa kwamba ukikitia alama, unaiomba mitambo ya kutafuta isiiorodheshe blogu hiyo. Akatia alama. Akahifadhi. Akajiambia ni kwa mwezi mmoja tu, ili na yeye apate kuonekana. Angalieni mtu anavyojidanganya: kwa kuwa hakufuta hata herufi moja, alijiona hana kosa.

Wiki ya tatu blogu ya Ketura ilikuwa haitokei tena Google. Maoni ya wasomaji yalipokoma, alidhani wakulima wameshikwa na mavuno. Na mashairi ya Nobert? Hayakupanda hata hatua moja.

Ndipo Mahmood alipoleta habari. Ushirika mmoja wa wakulima wa kahawa pale Bwera ulitaka mtu wa kuwafundisha wanachama, na mwenyekiti, Mzee Asanasio, alitaka kumwona Ketura Jumamosi. Miaka sita Ketura alikuwa ameuza nyanya juani. Hii ilikuwa kazi ya kwanza iliyomtaka yeye kwa ajili ya akili yake.

Siku hiyohiyo Nobert akaondoa ile alama. Lakini alikuwa fundi, alijua: kurudi kwenye orodha kunaweza kuchukua wiki nyingi, na Jumamosi ilikuwa siku nne mbele.

Walikwenda Bwera pamoja, Mahmood akiwapeleka kwa lori lake. Wajumbe wa ushirika walimsikiliza Ketura, wakapendezwa. Kisha Mzee Asanasio akasema, "Mama, mkulima hawezi kukariri anwani yako. Yeye anaandika shida yake, anabonyeza. Katibu, hebu tafuta."

Katibu akatafuta mdudu wa kahawa. Wakatokea wengine. Akatafuta jina la Ketura. Hamna kitu. Wakajaribu simu ya pili, hamna. Ketura, jasho likimtoka, akamtajia anwani yote, na blogu ikafunguka.

"Iko nzuri," katibu akasema. "Lakini umeianza lini? Jana?"

Wajumbe wawili wakacheka. Mahmood akaapa kwamba aliiona kwa macho yake, tena juu kabisa, akamgeukia Nobert: yeye ndiye fundi, aeleze. Nobert akatazama viatu vyake, akasema mitandao ina mambo yake.

Kazi akapewa mtu mwingine.

Ketura hakumlaumu mtu. Jumatatu Nobert alirudi nyumbani akamkuta mbele ya kompyuta anafuta kurasa zake, moja baada ya nyingine. Alikuwa amekwisha kufuta kumi na nne.

"Nilidhani najua kitu," alisema bila kugeuka. "Kumbe nilikuwa nawapotezea watu muda."

Nobert akamshika mkono. "Acha. Si wewe. Ni mimi niliyekuficha." Akamweleza kuhusu kisanduku.

Ketura akaifunga kompyuta, akamgeukia. "Siku ile ya Bwera, ulijua?"

"Nilijua."

"Waliponicheka, ulikuwa umekaa kando yangu."

Kesho yake Ketura akafunga mzigo, akapanda kwenda Mahango kwa mama yake. Alimwachia sharti moja: akitaka mkewe arudi, aandike alichofanya, kwa jina lake mwenyewe, tena asijifiche nyuma ya mashairi.

Nobert akaenda kwanza Bwera, akakiri mbele ya wajumbe, akaomba mkewe apewe ile kazi. Mzee Asanasio akamjibu kwamba hawezi kumfukuza mtu waliyekwisha kumwajiri, tena asiye na kosa. Basi akarudi, akaandika kwenye blogu yake, bila vina: nilificha blogu ya mke wangu kwa wivu. Akaeleza kisanduku kilipo na jinsi ya kukiondolea alama. Wiki zikapita, na watu ambao blogu zao zimepotea, wakitafuta sababu, wakaanza kufika kwake kwa mamia. Hatimaye Nobert alikuwa wa kwanza. Ukitafuta jina lake, dhambi yake ndiyo inayotangulia.

Ketura alirudi baada ya mavuno, akaiwekea blogu yake neno jipya la siri analolijua peke yake. Aliziandika upya kurasa alizofuta, kutoka kichwani. Tatu zilimkataa kabisa, hakuzikumbuka tena.

FUNZO

Ndugu zangu, sifa ya mkeo haikupunguzii yako. Nobert hakumpiga Ketura wala hakumtukana. Alitia alama moja, akanyamaza mara moja, na kazi ya maisha ikaenda. Ukiona wivu unakuuma, useme nyumbani mapema, hata kama utaona aibu. Na wewe dada, jifunze kushika mwenyewe funguo za kazi yako, hata kama unayemwachia unampenda.