Bembea Ndani ya Kompyuta

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, wenzake walikimbilia uwanjani, naye Chiriku akaelekea chumba cha kompyuta. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu ya mdomo wake usiotulia. Lakini baba, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa mbali kazini kwa miezi minane sasa, na Chiriku alikuwa ametulia kama maji mtungini.

Alikuwa akiunda bembea ndani ya kivinjari cha intaneti, mfano wa ile aliyotengenezewa na baba katika nyumba waliyohama. Alitaka baba aifungue kwenye simu yake Jumamosi, aione ikienda na kurudi. Tabu ni kwamba bembea haikutii. Kila ilipokwenda ilizidi kupanda, mwishowe ikaruka ikapotelea nje ya skrini.

Ijumaa, akiwa amechoka, aliandika amri moja tu: ikifika hapa, irudi. Kisha akamwita mwalimu wa kompyuta.

"Mwalimu, imepona!"

Mwalimu alitazama. "Mbona ikifika juu inashtuka kama imeona nyoka? Umeitibu, au umeficha ugonjwa?"

Chiriku akainamisha kichwa. "Nimeuficha, mwalimu. Nilitaka iwe tayari kesho."

"Basi futa hiyo amri, tuuone. Chora mshale wa mwendokasi na mshale wa mvuto, halafu isogeze hatua moja moja."

Chiriku akabonyeza, akatazama, akabonyeza tena. Katika hatua ya nne akapiga kofi mezani. Bembea ilikuwa imeshasogea, ndipo mshale wa mwendokasi ukabadilika! Programu ilikuwa inaihamisha kwa mwendokasi wa zamani, kisha ndipo inakokotoa mpya kwa mvuto wa pale ilipotoka. Kosa lilikuwa dogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Akabadilishanisha mistari miwili. Bembea ikaenda, ikarudi, taratibu, bila kuzidi.

Jumamosi baba alipiga simu, akaifungua, akacheka hadi akakohoa. "Ni yenyewe, mwanangu! Haya, hujambo huko?"

Kila wiki jibu lilikuwa lile lile: sijambo, baba. Safari hii Chiriku hakulitoa.

"Baba, nimekukumbuka. Nikipita kwa mafundi wa vyuma, nasimama ninuse moshi."

Kisha baba akasema, "Wameniomba niongeze miezi sita. Nilitaka kukubali Jumatatu, maana kila nikipiga mnaniambia mko salama. Nikadhani mmeshazoea."

"Hatujazoea, baba."

"Basi nitakataa. Kazi sitaikosa huko nyumbani; mwisho wa mwezi mnione mlangoni." Kisha akaongeza, "Nawe sikia, Chiriku wangu. Mficha maradhi kilio humuumbua. Umekosea, sema; panauma, sema. Hakuna fundi anayeziba ufa asioonyeshwa."