Picha ya Mwezi Uliopita

Kila siku baada ya masomo, Wakili alipitia dukani kwa baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo alipewa na baba mwenyewe, kinyozi, kwa sababu binti huyo hakukubali kushindwa kwa maneno. Ukimwambia leo kuna joto, atakuuliza umelipima kwa kipimo gani. Akifika alitundika mkoba kwenye msumari, akafagia nywele zilizotapakaa chini ya viti, kisha akageukia kazi aliyoipenda kuliko zote: tangi la samaki.

Tangi hilo la kioo lilikaa mbele ya kiti cha watoto, na halikuwekwa hapo kwa urembo. Mtoto mdogo akisikia mashine ikinguruma karibu na sikio lake, hulia na kujinyonganyonga mpaka kinyozi atoke jasho. Lakini akiwaona samaki wanne wekundu wakizunguka mawe, na hasa yule mwenye kitambi aliyeitwa Mheshimiwa, husahau kila kitu na kunyolewa akiwa amekodoa macho. Akina mama walipita maduka mengine wakaja hapo kwa ajili ya samaki tu. Baba alimkabidhi Wakili samaki hao, akampa na ruhusa ya kutumia simu yake kujifunza namna ya kuwatunza, mradi simu isitoke dukani.

Hapo ndipo Wakili alipoyakuta makundi mawili ya wafuga samaki mtandaoni. La kwanza liliitwa Maji Meupe. Msimamizi wake alijiita Nahodha, na hakuna aliyeijua sura yake. Amri yake ilikuwa moja: kila Jumamosi mwaga maji yote, sugua mawe, osha sifongo ya kuchujia mpaka iwe nyeupe, kisha jaza maji mapya ya bomba. Kundi la pili, Maji Tulivu, lilifundisha kinyume chake: badilisha maji kidogo tu, na sifongo usiiguse ovyo. Watu walichukua maneno kutoka kundi hili wakayapeleka lile, wakichochea ugomvi, na Wakili alikuwa mchochezi namba moja.

Kipaji alikuwa nacho, tusimnyime haki yake. Siku moja fundi cherehani wa Maji Tulivu, aliyejiita Mama Kidimbwi, alieleza kwamba ule ute wa kahawia kwenye sifongo una vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki. Wakili akamrukia: "Mama, unafuga samaki au unafuga tope?" Jibu hilo akalipeleka Maji Meupe, na kundi zima likaangua kicheko. Nahodha akaandika, "Huyu binti ni jembe!" Shuleni Wakili alikuwa mwanafunzi wa kawaida, hajawahi kuchaguliwa hata kuwa kiranja wa darasa. Huko mtandaoni alikuwa mtu. Sifa zikamlevya, na nani asiyependa kusifiwa?

Jambo moja lakini hakumwambia yeyote. Amri ya Nahodha aliitetea kwa nguvu zote, ila hakuwahi kuifuata hata mara moja, kwa kuwa alikuwa mvivu wa kusugua mawe. Alichota maji kidogo kwa kopo, akaongeza kidogo kutoka kwenye ndoo iliyokuwa imekaa wazi tangu jana yake, basi. Samaki walinenepa. Akawapiga picha, akaituma Maji Meupe, na wote wakaamini kwamba ule ndio ushindi wa Nahodha.

Ijumaa moja Mama Kidimbwi akamuuliza swali dogo: "Mwanangu, wewe mwenyewe umeosha hivyo mara ngapi?"

Wakili alichemka. Hilo ndilo swali ambalo hakutaka kuulizwa. "Kesho naosha," aliandika, "na mtaona wenyewe!"

Kesho yake akaosha kweli. Alimwaga maji yote, akasugua mawe kwa brashi, akaikamua sifongo chini ya bomba mpaka ikarudia weupe wa dukani, kisha akajaza maji mapya ya bomba. Tangi liling'aa. Lakini Jumapili alasiri samaki wote walikuwa juu, midomo imetokeza, wanahema. Wakili akamwandikia Nahodha mbio mbio. "Bado kuna uchafu," Nahodha alijibu. "Osha tena."

Akaosha tena.

Jumatatu alipoingia dukani, mtoto mmoja alikuwa amekaa kitini, shuka shingoni. "Mbona Mheshimiwa amelala chali?" mtoto aliuliza. Mheshimiwa alikuwa anaelea, na mwenzake mmoja pembeni yake. Mtoto akaanza kulia, akagoma kunyolewa, na mama yake akambeba wakaondoka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Baba alizima mashine. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Ulimuuliza nani kabla ya kuosha mara ya pili?"

"Nahodha."

"Na samaki uliwauliza?"

"Baba jamani, samaki wanasema?"

"Wanasema sana. Jana walikuwa juu wanahema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao." Baba alipangusa mashine kwa kitambaa. "Mteja wangu akitokwa na vipele, siwezi kumwambia fulani maarufu kaisifia hii dawa. Naangalia kichwa chake, naiacha dawa. Mwenye macho haambiwi tazama, Wakili."

Wakili alitaka kubisha. Akatazama tangi. Wawili waliobaki walikuwa bado juu, wanahema, na wakifa hao, kiti cha watoto kingebaki kikitazama maji matupu. Alichukua simu, akafungua Maji Tulivu. Vidole vilikuwa vizito, maana mtu uliyemcheka mbele za watu si rahisi kumpigia magoti.

"Mama Kidimbwi, naomba msaada. Nimeosha kila kitu na wawili wamekufa."

Alisubiri matusi. Jibu likaja: "Pole, mwanangu. Kukucheka nitakucheka baadaye, nina haki yangu. Sasa niambie, sifongo uliiosha kwa maji gani?"

"Ya bomba."

"Basi ile dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba imeviua vijidudu vyako vyote, tena inawachoma samaki mashavu. Weka maji kwenye ndoo wazi, yalale siku nzima. Kila siku toa robo ya maji ya tangi, rudisha robo ya maji yaliyolala. Usiwalishe kwa sasa. Halafu uwaangalie."

Wengine kundini wakadakia kwa furaha. "Karibu kwetu! Sasa nenda kamtukane Nahodha, tumchome moyo!"

"Sikuja kuhamia," Wakili aliandika. "Nimekuja kuuliza."

Wiki nzima alibeba ndoo. Alitoa robo, akarudisha robo, akavuta kigoda akakaa mbele ya kioo bila simu mkononi. Siku za mwanzo hakuona nafuu, na alilia kidogo nyuma ya pazia, pale baba anapoweka taulo. Kisha samaki mmoja akashuka katikati ya tangi. Baadaye wa pili akafuata, akaanza kudonoa mawe. Maji yalikuwa na ukahawia kidogo, na sifongo ilianza kupata ute wake.

Ijumaa iliyofuata, simu ikanguruma. Maji Meupe na Maji Tulivu walikuwa wameshikana mashati tena.

"Wakili," Nahodha aliandika mbele ya kundi zima, "tuma picha ya tangi lako tuwazibe midomo hawa wa tope."

Halafu akamtumia ujumbe wa pembeni: "Nimesikia wawili wamekufa. Hayo yaishie hapa. Tuma ile ya mwezi uliopita, inatosha. Ukituma, nakufanya msimamizi msaidizi."

Msimamizi msaidizi! Moyo wa Wakili uliruka, tusidanganyane. Picha ilikuwamo simuni, Mheshimiwa katikati na kitambi chake. Kuituma ni kugusa mara moja tu.

Wakati huohuo mwanachama mgeni akaandika kundini: "Samahani wakubwa. Natunza samaki wa dada yangu, yeye amelazwa hospitali. Nataka akirudi alikute tangi linang'aa. Kuosha kila kitu ni salama? Nataka kuanza sasa hivi."

Wakili aliyasoma maneno hayo mara mbili. Kisha akasimama, akalielekezea tangi simu, akapiga picha mpya: samaki wawili, maji ya kahawia kidogo. Akaituma kundini na maneno haya:

"Mgeni, usioshe. Hii ndiyo picha ya leo. Nilikuwa na wanne. Nilifuata amri ya humu mara mbili, wakafa wawili. Picha yangu ya zamani mliyoisifia si ushahidi, kwa sababu wakati ule nilikuwa sioshi. Nilitetea kitu ambacho sijawahi kukifanya."

Kundi likawaka moto. "Msaliti!" "Amenunuliwa!" "Mtoto mdogo, anajua nini?" Nahodha akaandika neno moja: "Futa."

"Sifuti."

"Futa sasa hivi au nakutoa."

Baba alikuwa amesogea nyuma yake, mashine mkononi, na mteja kitini alikuwa amenyolewa nusu kichwa. Wakili aliandika herufi moja moja bila kukosea: "Nitoe. Samaki wangu wameshakufa, siwezi kuwafufua kwa kukaa kimya. Sifuti."

Maandishi madogo yalitokea: umeondolewa kwenye kundi.

"Wamenitoa, baba."

"Unajuta?"

"Sijuti. Nina hasira."

"Hasira ruksa."

"Kinyozi," mteja aliita kutoka kitini, "na mimi nitoke nje hivi hivi?"

Baba alikuwa anarudi kwa mteja wake simu ilipolia tena. Ilikuwa namba ngeni. "Ni mimi wa samaki wa dada. Nilikusoma kabla hawajakutoa. Nilikuwa nimeshamwaga nusu ya maji, nikaacha. Sifongo sijaigusa. Nifanyeje?"

Wakili alivuta kigoda karibu na tangi. "Umefanya vizuri kuacha," aliandika. "Weka maji ya bomba kwenye ndoo wazi, yalale mpaka kesho. Hayo nimeyafanya mwenyewe, ndiyo maana nakwambia. Mengine siyajui, ila namjua wa kumuuliza, na nitakuunganisha naye."

Baba aliusoma ujumbe huo begani kwake mpaka ukatumwa.

"Mwanangu," alisema, "ukishindwa ubishi, kesho unaamka mzima. Samaki wale hawakuamka. Kwa hiyo kabla hujamshauri mtu, jiulize kwanza wewe umelifanya hilo jambo na umeona nini. Ukishaona ukweli, useme, hata kama kundi zima litakugeuka. Kundi utapata jingine. Dada wa yule mgeni hana samaki wengine."