Pipi Tatu Kabla ya Picha

Kila Jumamosi Tuva na babu yake, Evert, huenda duka la pipi pale mjini kwao, Skellefteå. Siku nyingine pipi ni marufuku nyumbani, kama ilivyo kwa watoto wengi wa Sweden. Wawili hao hujaza mfuko mmoja na kugombania zile nyeusi zenye chumvi.

Jumamosi hii hawakwenda dukani. Babu alikuwa na saratani ya utumbo mpana, na mama yake Tuva alikuwa anampeleka hospitali kupigwa picha ya mwili. Picha hiyo ndiyo ingewaonyesha madaktari kama saratani imebaki utumboni, waikate iishe, au imeshasambaa hadi kwenye ini. Babu aliagizwa asile chochote tangu jana yake, anywe maji tu.

Tuva alimwonea huruma. Walipofika hospitali, mama alipokwenda kulipia maegesho ya gari, Tuva alitoa pipi tatu alizobakiza wiki iliyopita akampa babu. Babu, ambaye kwa utamu hana ujanja, alizitia mdomoni akamkonyeza.

Ndani, muuguzi Solveig aliwaeleza kwamba dawa atakayodungwa babu ni aina ya sukari. Saratani ina uroho wa sukari, na ikiila hung'aa kwenye picha. Lakini mtu akila kitu kitamu kabla, dawa hukimbilia kwenye misuli, na saratani inaweza kufichika.

Akauliza kama babu amekula. Babu akajibu upesi kwamba hajala.

Tuva aliingiwa na hofu. Akisema, babu ataaibika na mama atafoka. Akinyamaza, picha inaweza kuwadanganya madaktari.

"Amekula pipi," alisema. "Tatu. Mimi ndiye niliyempa."

"We mtoto, vipipi vitatu navyo ni chakula?" babu alinung'unika, uso umemwiva.

"Kwa mashine hii ni chakula, babu," Solveig alisema kwa upole, akaahirisha kipimo hadi Jumatatu.

Njiani kurudi nyumbani mama aliendesha gari amekunja uso. Babu alinuna, na Tuva akalia kimyakimya kiti cha nyuma.

Jumatatu babu alifunga kweli kweli. Wiki iliyofuata daktari aliwaita akawaonyesha picha kwenye kompyuta. Utumboni paling'aa doa moja tu. Ini lilikuwa safi.

"Tutalikata hilo doa," daktari alisema. "Picha imetoka vizuri, naiamini."

Babu alishusha pumzi, machozi yakamtoka. Akamgeukia Tuva.

"Nilikununia bure, mjukuu wangu. Mimi mtu mzima nilidanganya kwa kuona haya, wewe ukasema ukweli huku unaogopa. Daktari hawezi kumtibu mtu anayemficha mambo. Siku ya kupasuliwa wataniuliza maswali mengi. Kaa karibu yangu, na nikianza kuzungusha maneno, sema wewe."